Siku Mama Vipimo Alipopima Tumbo Lake

Sogeza redio karibu. Punguza moto jikoni. Na wewe uliye kazini, bosi akiuliza, mwambie unasikiliza mambo ya afya, hutakuwa umedanganya. Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi cherehani. Wengi wetu tulimwita Mama Vipimo. Alifariki wiki iliyopita, baada ya kuugua moyo, akiwa na miaka hamsini na minne. Ameacha mume, ambaye ni fundi seremala. Ameacha mtoto wa kiume na mtoto wa kike. Nimekaa nao sebuleni kwao, tumelia, tumecheka, na wamenipa ruhusa ya kuyasema haya yote. Natangulia kusema hivyo kwa sababu nawajua ninyi. Simu zitaanza kuita hapa: "Kwa nini unaanika mambo ya watu?" Ruhusa ninayo, tulieni.

Mimi nilikuwa mteja wake. Loo, mwanamke yule alikuwa na mdomo! Unaingia dukani, hajakusalimia, anakutazama kuanzia mabegani hadi kiunoni, kisha anakwambia, "Umeongezeka." Wala si swali. Unabaki umesimama pale na kitambaa chako mkononi, aibu imekujaa. Halafu anacheka, anakuvutia kiti, na gauni anakushonea likakukaa kama ulizaliwa nalo. Tepu yake ya kupimia, ile ya kitambaa, ya njano, ilikuwa shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni. Akienda sokoni, ipo. Akienda msibani, ipo, mpaka mumewe amvute pembeni aivue.

Watu watamkumbuka kwa magauni, na ni haki. Mimi nataka kuwasimulia jambo jingine. Nataka kuwasimulia jinsi alivyoamua namna ya kumzaa binti yake, mtoto ambaye madaktari walisema ni mkubwa mno. Ni miaka kumi na tisa iliyopita. Binti huyo ndiye aliyenimiminia chai juzi.

Lakini tuanze na mtoto wa kwanza, maana bila yeye hamtaelewa. Mtoto wa kwanza, yule wa kiume, naye alikuwa mkubwa. Alizaliwa kwa njia ya kawaida, kwenye zahanati ya jirani. Kichwa kilitoka vizuri. Mabega yakakwama. Mkunga akashika huku, muuguzi akabonyeza kule, mama anapiga kelele, mtoto anabadilika rangi. Walihangaika mpaka akatoka, na alitoka hai, tushukuru. Ila mkono wake wa kulia ulikuwa umelala tu pembeni, hauna nguvu. Mishipa ya bega ilikuwa imevutika. Mkono ule haukupona kabisa. Majirani waliambiwa mtoto alianguka kitandani. Hata mtoto mwenyewe, alipoanza kuuliza, aliambiwa hivyo hivyo: ulianguka.

Mtoto huyo alikuwa na miaka sita mama yake aliposhika mimba ya pili. Tumbo likakua. Likakua tena. Wateja wakaanza utani, wanamuuliza kama amebeba mapacha na mjomba wao. Yeye anacheka nao, lakini mumewe anasema usiku alikuwa hageuki kitandani bila kuguna.

Mimba ilipokuwa inakaribia mwisho, akaenda kliniki ya hospitali kubwa. Muuguzi, msichana mdogo tu, akamlaza, akapima urefu wa tumbo.

"Arobaini na tatu," akasema.

"Ngapi?"

"Sentimita arobaini na tatu, mama."

"Hebu rudia."

Muuguzi akarudia. Arobaini na tatu.

"Mwanangu," Mama Vipimo akamwambia, "mimi napima watu tangu wewe hujaota meno. Jana nyumbani nimepata arobaini kamili. Hii tepu yenu ya plastiki imesinyaa kwa jua la dirishani."

Jamani! Foleni nzima ilicheka. Muuguzi hakucheka. Alimpeleka kwenye mashine ya picha, kisha kwa daktari.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Seremala alikuwepo siku hiyo, na maneno ya daktari anayakumbuka vizuri. Alisema, "Picha inaonyesha mtoto wa kilo nne na nusu, pengine zaidi. Picha hukosea, inaweza kuzidisha au kupunguza. Angekuwa mtoto mkubwa tu, tungezungumza vingine. Lakini wa kwanza alikwama mabega. Huyu naye anaweza kukwama, na safari hii huenda isiwe mkono peke yake."

Mama Vipimo akauliza, "Na anaweza kupita?"

"Anaweza kupita," daktari akasema. "Sitakudanganya. Na kisu nacho kina mambo yake. Kuna kupoteza damu, kuna kidonda, kuna ganzi, na mimba zitakazofuata zitahitaji uangalizi zaidi. Ukiniuliza mimi, ningekufanyia upasuaji Jumanne ijayo, asubuhi. Lakini mwili ni wako na uamuzi ni wako. Ila nakuomba kitu kimoja. Hata ukichagua njia ya kawaida, njoo ujifungulie hapa. Usiende zahanati. Hapa mtoto akikwama tupo wengi."

Mnasikia, wasikilizaji wapendwa? Daktari hakumtisha wala hakumlazimisha. Alimpa siku, Jumanne, na akamwachia jibu.

Basi wakarudi nyumbani, na nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Mama mkwe alikuwa ameshafika, amekaa sebuleni, kanga amejifunga kiunoni tayari kwa vita. "Kupasuliwa? Kwani ana ugonjwa gani? Mimi nimezaa saba, wote kwa nguvu zangu. Huyu akipasuliwa, nani atachota maji? Nani atainama kufua?" Mimi nilipokuwa nasimuliwa hapa damu ilinichemka, nikaomba maji ya kunywa. Mtoto anaweza kukwama, mtu anauliza habari ya kufua! Lakini yule bibi hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anaogopa, na akiogopa anafoka.

Mama Vipimo mwenyewe alikuwa anaogopa zaidi. Mama yake mdogo, aliyemlea, aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake na akatoka amefunikwa. Kwa hiyo kila akifumba macho anaona mlango ule. Akifumbua, anamwona mwanawe sakafuni anajaribu kufunga kamba za viatu kwa mkono mmoja. Kisu huku, mkono kule. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Akamgeukia mumewe. "Wewe unasemaje?"

Seremala akajibu, "Nitafuata utakachosema wewe."

"Mimi nataka mume," akamwambia, "sitaki mwangwi!"

Mzee wa watu alinisimulia hilo huku anacheka na machozi yanamtoka. Aliniambia, "Nilidhani ninamheshimu. Kumbe nilimwacha peke yake."

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia. Siku ya pili yake, Mama Vipimo alifunga pazia la duka, akajilaza kwenye mkeka, akachukua tepu yake ya njano na kujipima tena. Arobaini. Akajipima mara nyingine. Arobaini. Na vipimo vya watu vyote alikuwa navyo kichwani, hata vya waliokwishahama. Alikumbuka kwamba kwenye mimba ya kwanza, tepu hiyo hiyo, siku za mwisho, ilisoma arobaini na moja. Akaweka mambo pamoja. Wa kwanza arobaini na moja. Wa pili arobaini. Basi huyu ni mdogo kuliko kaka yake! Hospitali wanamtisha bure. Na kwa kuwa ni mdogo, atapita bila kukwama, na hakuna haja ya kisu, wala hakuna haja ya safari ya hospitali kubwa.

Akapiga moyo konde. Atazalia zahanati, kwa mkunga yule yule. Jumanne haendi.

Mama mkwe alifurahi, akapika. Seremala hakula.

Jumanne ikafika. Asubuhi ile daktari alimngoja hospitali, na Mama Vipimo yuko dukani anashona sare za shule. Tangu alfajiri uchungu ulikuwa umeanza, kidogo kidogo, unakuja unaondoka. Hakumwambia mtu. Ukija, anasimamisha cherehani, anashika ukingo wa meza, anapumua, kisha anaendelea. Fundi msaidizi wake alimuuliza, "Dada, vipi?" Akajibu, "Gesi tu."

Kabla ya adhuhuri mumewe akafika na mkokoteni. Amemletea meza mpya ya kukatia vitambaa, aliyomwahidi siku nyingi. Mita moja na nusu, ndivyo alivyoagizwa. Mbao nzuri, amepiga randa mpaka zinateleza. Nadhani ilikuwa namna yake ya kusema pole, maana maneno hana.

Mama Vipimo akaitazama meza. Hakusema asante. Akavua tepu shingoni, akaitandika juu ya meza kutoka ukingo hadi ukingo.

"Mita moja na arobaini!" akasema. "Umenipunja sentimita kumi! Mteja wa mtaani hupunji, unakuja kumpunja mke wako?"

"Hiyo ni mita moja na nusu," seremala akasema.

"Soma mwenyewe! Una macho?"

Mzee yule ni mpole, lakini mguse kila mahali, usiguse vipimo vya mbao zake. Akatoa tepu yake ya chuma mfukoni. Akaivuta juu ya meza, kando kando ya ile ya njano. Ya chuma ikasoma mita moja na nusu. Ya njano ikasoma mita moja na arobaini. Zimelala pamoja, ubavu kwa ubavu, na namba haziendani.

Wasikilizaji wapendwa, tepu ya kitambaa hulegea. Inavutwa kila siku, inaloa jasho, inapigwa pasi kwa bahati mbaya, na mwaka hadi mwaka inarefuka. Ikirefuka, inasoma pungufu. Mtaniuliza, mbona magauni yake yalikaa vizuri? Yalikaa vizuri kwa sababu tepu ile ile ilipima mwili, na tepu ile ile ikapima kitambaa. Kosa la huku lilifutwa na kosa la kule. Dukani mwake tepu ile haikuwahi kumuumbua hata siku moja. Ingemuumbua wapi? Haikuwahi kulazwa kando ya tepu nyingine.

Fundi msaidizi alisema alimwona bosi wake akikauka. Hasira yote ilimtoka usoni. Alikuwa anaitazama meza, lakini hakuwa anaiona meza. Kichwani alikuwa anarudia hesabu. Arobaini yake si arobaini. Ni arobaini na tatu, kama alivyosema yule msichana wa kliniki. Na ile arobaini na moja ya mtoto wa kwanza ilipimwa tepu ikiwa bado mpya. Basi huyu hakuwa mdogo kuliko kaka yake. Alikuwa mkubwa zaidi.

Hapo uchungu ukaja, na safari hii haukuwa wa kuficha. Akashika meza kwa mikono miwili. Ulipopita, akamwambia mumewe neno ambalo hakuwahi kumwambia miaka sita yote.

"Niliambiwa."

"Uliambiwa nini?"

"Mtoto wa kwanza. Mkunga aliniambia ni mkubwa, niende hospitali. Aliniambia mara mbili. Niliogopa kisu, nikamjibu tumekubaliana mimi na wewe nizalie pale. Wewe sikukwambia kitu. Ule mkono wa mwanangu ni mimi."

 Seremala akasema jambo moja tu, na kwa mara ya kwanza halikuwa mwangwi. Alisema, "Tunakwenda hospitali, na tunakwenda sasa hivi. Ukitaka kunigombeza, utanigombeza njiani."

Walipata gari la mteja, lililojaa marobota ya sare. Mama mkwe aliwakuta wanapanda, akaanza, "Mnampeleka wapi mtoto wa watu?" Mwanawe akafunga mlango wa gari. Yule bibi alibaki barabarani mdomo wazi, maana hajawahi kufungiwa mlango na kijana wake.

Hospitali, daktari alipowaona hakuwa na muda wa kulaumu. "Nilikungoja asubuhi," akasema, basi. Akampima haraka. Njia ilikuwa inafunguka upesi, na chumba cha upasuaji kilikuwa na mtu. Mama mwingine alikuwa ndani, na hali yake ilikuwa mbaya kuliko ya Mama Vipimo.

"Atatoka lini?" seremala akauliza.

"Sijui," daktari akasema.

Mnajua neno hilo linavyouma likisemwa na daktari? Mama Vipimo akalazwa ubavu. Akaletewa karatasi ya kukubali upasuaji. Akaona tena ule mlango, akamwona mama yake mdogo anaingia kwa miguu yake.  Mwanamke aliyekata hariri bila kuchora mstari, leo hawezi kuandika jina lake! Aliandika nusu, uchungu ukamkata, akamalizia nusu.

"Nasikia kusukuma," akasema.

"Usisukume," daktari akamwambia. "Pumua tu. Usisukume."

"Je, akishuka mwenyewe?"

"Akishuka mwenyewe tutampokea hapa hapa, na nitafanya kila ninachojua. Sitaondoka kitandani kwako."

Seremala alikuwa nyuma ya pazia. Anasikia "pumua", anasikia "usisukume", anasikia mkewe analia kwa sauti asiyoijua. Anasikia magurudumu ya kitanda kwenye korido, anadhani ni zamu yao, kitanda kinapita. Aliniambia alishika tama mpaka taya likafa ganzi. Hatimaye mlango ule ukafunguka. Yule mama mwingine alitolewa, hai. Wakamsukuma Mama Vipimo ndani, mbio.

Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho. Hakuona, maana waliweka kitambaa mbele yake, lakini alisikia. Akasikia mtoto analia. Kilio kikubwa, cha hasira. Muuguzi akasema, "Hongera mama, kilo nne na mia nane!" Hakuuliza ni wa kike au wa kiume. Alisema, "Mikono. Nionyesheni mikono."

Muuguzi hakuelewa.

"Inueni mikono yake nione!"

Wakamleta mtoto juu ya kitambaa. Mtoto akatupa mikono yote miwili hewani, kushoto na kulia, vidole wazi. Mama Vipimo akalia mpaka daktari akamwomba atulie, maana bado anashonwa.

Sitawapambia maneno. Kidonda kilimsumbua. Kiliota usaha, akarudi hospitali, na kwa wiki nyingi hakugusa pedali ya cherehani. Mama mkwe alinuna, alikuja kumwona mtoto siku ya nane, na alipombeba tu akasema, "Mzigo huu ungetokea wapi?" Hiyo ndiyo pole waliyoipata kwake. Wala mimi sisemi kila mwenye mtoto mkubwa akapasuliwe. Dada yangu mwenyewe alizaa wa kilo nne na nusu kwa njia ya kawaida, hospitali, akatoka siku ya pili anadai pilipili. Kila tumbo na habari yake. Muulizeni daktari, mwambieni yote, na yeye awaambie yote.

Sasa nifike kwa kijana, yule wa mkono. Leo ana miaka ishirini na mitano. Anafundisha hisabati, anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Nilimuuliza alijua lini. Akasema alikuwa na miaka kumi na sita. Mama yake alifunga duka mchana kweupe, akamketisha kwenye ile meza ya kukatia, akamwambia, "Hukuanguka." Akamweleza kila kitu, kwamba aliambiwa, akaogopa, akaficha.

"Nilikasirika sana," kijana aliniambia. "Karibu mwaka mzima nilikula chumbani kwangu. Yeye hakunilazimisha. Aliweka sahani mlangoni, akaondoka."

Binti naye akadakia. "Siku yangu ya kuzaliwa," akasema, "mama alikuwa haanzi na mimi. Anaanza na kaka. Anaushika mkono wake wa kulia, anamwambia asante. Mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa nanuna. Naona siku yangu, zawadi anapewa kaka!"

Kila mwaka, wasikilizaji wapendwa. Kila mwaka alimshukuru kijana, kwa sababu bila ule mkono asingekwenda hospitali siku ile. Na kila mwaka, baada ya kumshukuru, alimuuliza swali moja: "Unauma?" Kijana alikuwa anajibu, "Tuache hayo, mama." Hajawahi kumpa jibu jingine.

Wiki iliyopita, hospitali, Mama Vipimo alikuwa hawezi tena kusema. Ilikuwa zamu ya kijana kukaa naye. Anasema mama alifumbua macho, akautazama ule mkono, akaendelea kuutazama. Kijana akauchukua mkono wa mama yake, akauweka juu ya bega lake la kulia.

"Nikamwambia, mama, hauumi. Haujawahi kuniuma hata siku moja."

Nikamuuliza kijana kama ni kweli.

Akatikisa kichwa. "Unauma kila baridi ikija," akasema. "Unaniamsha. Lakini yeye alifumba macho, na uso wake ukalegea. Sijawahi kumwona na uso ule tangu nizaliwe."

Kwako fundi seremala, kwako mwalimu wetu, kwako binti yetu, na kwako bibi, najua unatusikiliza na bado umenuna, poleni sana. Sisi sote wa redio hii tunalia nanyi. Apumzike kwa amani.

Na wewe unayenisikia, mwenye tumbo au mwenye mke mwenye tumbo. Kama kuna neno uliambiwa kliniki ukalimeza kwa woga, zima redio sasa hivi. Nenda kamwambie mtu wako. Muziki tutaupiga bila wewe.